Safu ya Kwanza

Lubumbashi, Kamalondo
12 Oktoba 2024

Mwanangu Rachida,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tuko wazima. Mvua imenyesha mara moja tu, kisha vumbi likarudi, hili vumbi letu jekundu linaloingia hata ndani ya sukari. Umeme unakuja na kuondoka bila kuaga. Mama yako amepona kidole alichojikata akitayarisha majani ya sombe. Baba yako anauliza kila siku kama huko Mbeya unavaa nguo za baridi, nami namjibu ndiyo. Basi zivae, nisiwe mwongo.

Barua hii inaletwa na Chomba, yule dereva Mzambia anayebeba shaba kwenda Dar es Salaam. Mke wake amepanga chumba kwa jirani yetu, kwa hiyo kila akipita hapa nitampa bahasha, na wewe utampa yako akirudi. Usishangae kwamba shangazi mwenye simu anaandika kwenye karatasi. Ukipiga, baba yako anaweka simu juu ya meza na kufungua sauti, ua mzima unakusikiliza, nami ninabaki kusema "niko muzuri, na weye?" Kwenye karatasi tuko wawili. Tena babu yako alitulazimisha kuandika Kiswahili cha vitabu hata kama mdomoni tunasema cha Lubumbashi, na tangu uondoke sina mtu wa kumwandikia hicho Kiswahili.

Masomo yameanza. Jedwali la elementi la shule liliozeshwa na mvua ya mwaka jana, hivyo darasa la tano tumelichora upya kwa rangi juu ya kipande cha turubai la lori. Limepinda kidogo upande wa kulia, lakini linasomeka mpaka dawati la mwisho. Wiki hii Virginie, msichana mrefu anayekaa mbele, alisimama akauliza: "Madame, juu ya nini lithium iko juu ya sodium? Lithium inatoka Manono, sodium iko mu chumvi. Iko bandugu?"

Nilifurahi na lile swali la kwa nini, kwa sababu wengi wanakariri tu. Nikawaambia: tunazipanga elementi kwa hesabu ya protoni, moja, mbili, tatu, bila kuruka hata moja. Ukitembea kwenye mstari huo unaona kwamba kila baada ya hatua fulani tabia inarudi. Ile tabia uliyoiacha nyuma unaikuta tena mbele. Ndiyo maana mstari unakatwa na kuanzishwa upya chini, ili wenye tabia moja wasimame katika safu moja. Lithiamu, sodiamu, potasiamu, kila moja ina elektroni moja tu kwenye tabaka la nje, na haiishiki kwa nguvu. Ukiitia lithiamu ndani ya maji inachemka polepole. Sodiamu inakimbia juu ya maji ikipiga kelele. Potasiamu inawaka. Kadiri unavyoshuka, ile elektroni iko mbali zaidi na moyo wa atomi, na inaachiliwa kwa urahisi zaidi. Kisha nikawaonyesha kobalti, nikeli na shaba zimekaa bega kwa bega katikati ya turubai, wakapiga makofi kama wameona jamaa zao kwenye televisheni.

Jambo jingine. Watu wa Kasumbalesa, kule mpakani, walikuja kukuulizia kwa baba yako. Ni wazazi wa Jamali, yule kijana wa forodha. Mimi sikuuliza kitu. Utaniambia mwenyewe unachotaka kuniambia.

Mwandiko wangu usikutishe, kalamu hii ni mbaya.

Shangazi yako,
Feza


Mbeya
17 Novemba 2024

Tantine Feza,

Huku wananifundisha kusema shikamoo, na leo naitoa kwako. Natumaini kidole cha mama kimesahaulika na duka la baba linaendelea. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini koti ninalo. Wanafunzi wenzangu wanacheka nikisema "bukari" badala ya ugali na "mingi" badala ya nyingi. Mmoja aliniuliza kama tunavyosema ni Kiswahili au ni lugha nyingine. Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma yote, akaniomba radhi.

Barua yako ilichelewa. Chomba alikaa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa mpaka akaanza kupika kando ya tairi. Alinipa bahasha ikinuka mafuta ya dizeli.

Masomo ya ufamasia ni magumu kuliko nilivyodhani. Wiki ya kwanza walitupa jedwali la elementi tulikariri, na darasa zima likaanza kuimba kama kasuku. Mimi nilikumbuka veranda yetu, ulipoweka vizibo vya chupa sakafuni na kuniambia nisikariri majina, niangalie nani amesimama chini ya nani. Nikamweleza mwenzangu wa chumbani kuhusu yule Mrusi aliyeacha nafasi tupu katika jedwali lake, kwa sababu alijua safu inadai mtu pale ingawa hakuna aliyekwisha kumwona, akaandika mapema jinsi elementi hizo zitakavyokuwa, na zikaja kupatikana. Nikamwambia mojawapo ni jerimani, ambayo leo wanaitafuta ndani ya ule mlima mweusi wa takataka za kiwanda, mjini kwetu. Hakuamini.

Kuhusu Jamali, leo sina la kusema.

Na wewe, migraine yako, yale maumivu ya kichwa, inaendeleaje? Bado unakunywa vile vidonge vyeupe nyuma ya mlango wa jikoni, na maji mengi baada yake? Nilipokuwa mdogo nilidhani ni peremende unazotunyima.

Mwanao,
Rachida


Lubumbashi
19 Januari 2025

Mwanangu Rachida,

Nakutakia heri katika mwaka huu. Nilitaka kukuandikia mapema, lakini nyumba ilitikisika kidogo. Usiogope, imekwisha tulia. Kabla ya mwisho wa mwaka baba yako alianguka dukani. Alikuwa akimpimia mteja kitambaa, akashika meza, akakaa chini. Daktari alimkuta na presha ya juu sana. Sasa anatembea na kula vizuri, mdomo wake haukupinda, tumshukuru Mungu. Lakini amekatazwa chumvi.

Unamjua kaka yangu. Alirudi kutoka kwa daktari, akaita watu wote mezani, akasema: "Tutakula sisi bote vile. Sitaki nikule peke yangu kama mufungwa." Mama yako amegawa kopo la chumvi kwa jirani. Samaki, sombe, mboga za lenga-lenga, vyote vinapikwa vitupu. Siku moja nilileta chumvi kidogo kutoka shule ndani ya karatasi, nikainyunyizia sahani yangu. Baba yako aliacha kula. "Feza, weye uko na nini? Ile kitu njo inatuua mu hii famille." Nikasukuma sahani pembeni. Mtu aliyeponea chupuchupu hubishani naye.

Watu wa Jamali wamerudi, safari hii na mjomba wake. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika trei ya chai. Waliuliza kwa adabu kama kwetu kuna magonjwa ya kurithi. Baba yako akasema hakuna. Yule mjomba akasema: "Tulisikia dada yako alirudishwa na bwana yake." Baba yako akajibu: "Ilikuwa migraine. Tulimuombea, ikaisha. Leo eko anafundisha ku secondaire." Wakaridhika. Watakuja kuzungumza rasmi baada ya Idi.

Ningependa kujua kama wewe mwenyewe unamtaka kijana huyo.

Shuleni tuko vizuri. Virginie amenizidi kwa maswali. Mikono yangu inachoka kushika chaki, nadhani ni umri.

Shangazi yako,
Feza


Mbeya
16 Februari 2025

Tantine,

Msalimie baba. Mwambie nilimpigia mara nyingi siku zile na nikazungumza naye kwa muda mrefu, anajua. Msalimie mama. Sitaandika habari nyingi, kwa sababu Chomba anangoja nje na lori linanguruma.

Juma hili tulisoma lithiamu, si ile ya betri wala ya Manono, bali lithiamu kama dawa. Mwalimu alichora safu ya kwanza ubaoni, vilevile kama turubai lako. Akasema dawa hii inawasaidia watu ambao moyo wao unapanda mno kwa majuma kadhaa, kisha unaanguka mno. Ni dawa ya zamani na nzuri. Kisha akauliza nani anajua kwa nini ni ya hatari mtu akiacha chumvi. Hakuna aliyeinua mkono isipokuwa mimi, Tantine, na nilijibu kwa maneno yako. Kwa sababu sodiamu iko chini yake tu. Kwa sababu zina tabia moja, na figo haina macho ya kuzitenganisha vizuri. Mwili ukikosa sodiamu, figo inaogopa, inarudisha ndani kila kinachofanana nayo, na lithiamu inarudishwa pamoja. Mtu anakunywa kidonge kilekile kila siku, lakini damuni inapanda mpaka inakuwa sumu. Mtu asipokunywa maji, inapanda zaidi. Mwanzo ni mikono kutetemeka na tumbo kuharibika. Baadaye ulimi unakuwa mzito, miguu inapotea.

Darasa lilinisifu. Mimi nilikaa na sikusikia kilichofuata.

Nilikuwa mtoto uliporudishwa na bwana yako kutoka Kindu, lakini nilikuwa na macho. Kwanza uliongea bila kupumzika, ukagawa vyombo vya mama kwa majirani ukicheka. Kisha ulilala ukitazama ukuta mpaka mvua zikaisha. Waliniambia migraine. Halafu ukaanza vidonge vyeupe, na ukawa Tantine wangu niliyemjua, wa vizibo na jedwali. Baba anadhani ni maombi. Nadhani hajui kwamba bado unavimeza.

Nakuuliza, na hapa kwenye karatasi tuko wawili tu kama ulivyosema. Dawa yako ni lithiamu?

Ikiwa ndiyo, nakuomba kwa unyenyekevu wote wa mtoto: usifunge Ramadhani inayokuja, kunywa maji, weka chumvi kwenye chakula chako kama daktari alivyokupangia, na ukapime damu. Alhamisi nilipiga simu, ukaniambia "niko muzuri", na nikamsikia baba akikohoa karibu.

Rachida


Lubumbashi
14 Machi 2025

Rachida mwanangu,

Salamu. Sote tunafunga, baba yako daktari amemruhusu. Mama yako anafunga. Wazima.

Barua yako niliipata. Kuna mambo mtoto hamwulizi mkubwa. Nasema hivyo bila hasira.

Ulijibu vizuri darasani. Ningekuwa pale ningepiga makofi. Umesahau kusema kwamba potasiamu pia iko pale, chini zaidi, na mwili unaijua, hauichanganyi sana. Kwa nini hauichanganyi. Hilo utafute.

Mgonjwa hafungi, najua, dini ni nyepesi. Lakini katika nyumba hii mimi si mgonjwa. Nikinywa maji mchana mbele ya watu lazima niseme kwa nini. Na wale watu watakuja baada ya Idi. Ni mwezi mmoja. Mtu anaweza kuvumilia mwezi. Idi ikipita nitaenda kwa daktari, nitakula chumvi, nitakula hata kwa kijiko.

Tumbo linaniharibikia haribikia. Ni maji ya bomba. Juzi nilianguka darasani nikielekea kwenye turubai, watoto walicheka kidogo, Virginie akanishika mkono. Préfet wa shule amenipa siku za kupumzika. Chaki inakataa mkono. Mkono unakataa chaki. Samahani kwa mwandiko, kalamu kalamu

Chomba anaondoka. Usimwambie baba yako.

Feza


Mbeya
21 Aprili 2025

Tantine yangu,

Delphine, mwalimu mwenzako, ameniambia umeanza kukaa kitandani na kula uji, na kwamba unamuuliza kila mara nini kilitokea, kwa sababu hukumbuki. Anasema anakueleza na unasahau. Basi nakuandikia, ili uwe nayo mkononi. Natumaini mama anakuogesha vizuri. Natumaini baba yuko mzima pia. Yeye sijamsikia.

Chomba alizuiwa mpakani siku nyingi, na barua yako ilinifikia mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha. Alinipa mchana, nje ya geti la chuo. Nilifungua palepale. Tantine, sikuweza kuisoma. Wewe uliyenipiga rula kwa sababu ya herufi zangu. Mistari ilipanda na kushuka, herufi nyingine zilipitiliza nje ya karatasi. Chomba aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Nilipiga simu yako, imezimwa. Nikampigia Delphine, nikijua anakaa barabara ya pili kutoka kwetu na mnafundisha pamoja.

"Rachida, tantine yako hajakuja ku masomo kumepita siku mingi," aliniambia. "Banasema iko na malaria."

"Madame Delphine, nakuomba, wende sasa. Usikate simu."

Nilimsikia akitembea. Nilisikia geti letu, lile linalolia. Nilimsikia mama akimkaribisha kwa sauti ndogo. Kisha Delphine akanong'ona kwamba umelala mkekani, umejitapikia, unasema maneno kama mtu aliyelewa, na mguu wako unarukaruka wenyewe. Baba alikuja mlangoni. "Ni malaria na saumu," akasema. "Tulisha kumupa dawa. Tunangojea magharibi, tutamupa supu."

Delphine akamwambia niko kwenye simu. Baba akaichukua na kufungua sauti kama kawaida yake. Delphine akasema haraka, kwa Kifaransa, niangalie ninachosema, kuna wageni sebuleni. Mjomba wake Jamali alikuwa ameleta tende.

Nataka ujue kwamba nilisikia. Sikuponyokwa na neno.

"Baba," nikasema, "Tantine haina malaria. Iko anakunywa lithium, tangu alitoka Kindu. Ni dawa ya ugonjwa wa akili. Sasa imekuwa mingi mu damu juu hamumupatie chumvi na maji. Mumubebe ku hôpital, museme ile jina. Lithium. Musiposema, badaktari batatafuta malaria mpaka atakufa."

Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani yake.

"Nani alikufundisha kusema hii uongo?" baba akauliza.

"Ni yeye alinifundisha. Safu ya kwanza."

"Katika hii nyumba hakuna wazimu."

"Baba, iko pale mbele yako, pa mukeka."

Simu ikakatika. Nilidhani ameikata yeye, nikakaa chini kwenye changarawe nje ya geti na nikalia mbele ya walinzi. Lakini Delphine aliniambia baadaye kwamba ni mama aliyeichukua mkononi mwa baba na kuizima. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga baba hata juu ya rangi ya pazia. Alimwita baba kwa jina lake, akasema, "Mawazo, wende uite taxi." Baba hakusogea. Basi akatoka yeye mwenyewe, bila kitenge cha pili begani, akasimamisha gari barabarani. Yeye na Delphine walikubeba.

Hospitalini walitaka kuanza na malaria kama nilivyoogopa. Delphine alisema lile neno mara nyingi mpaka daktari kijana akamwita mkubwa wake. Walikutundikia maji ya chumvi kwenye mshipa, wakapima damu, kisha wakakupeleka kwenye mashine ya kuosha damu, maana figo zilikuwa zimechoka. Ulikuwa huwatambui watu. Siku ya Idi bado ulikuwa hapo, na mama alikula sikukuu yake kwenye benchi.

Uliniandikia kwamba nitafute kwa nini mwili hauichanganyi sana potasiamu. Nimetafuta. Ni ukubwa wa atomi. Kushuka katika safu si tabia tu, ni ukubwa pia, na milango ya seli inapima. Ile lithiamu ndogo inapita penye mlango wa sodiamu. Potasiamu ina mlango wake. Ulikuwa unaniandikia hilo huku sumu imekujaa. Nashindwa kulifikiria bila kukasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jamali alinipigia mara moja. Nitakuambia siku nyingine.

Baba hajanipigia tangu siku ile. Nikipiga, mama ndiye anayepokea, na hafungui sauti.

Mwanao,
Rachida


Lubumbashi
29 Juni 2025

Mwanangu Rachida,

Salamu za sote. Baridi imefika, asubuhi tunawasha mbabula ya makaa ndani ya ua na kukaa karibu. Mama yako hajambo. Anakutumia kitambaa kupitia Chomba, kiangalie vizuri, amekishona mwenyewe.

Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, kifungu kimoja kila asubuhi, kwa kuwa mkono unatii kidogo asubuhi. Utaona ni herufi kubwakubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Delphine alitaka niseme yeye aandike, nikakataa. Daktari ananiambia ukweli na ninampenda kwa hilo. Sumu ilikaa muda mrefu, na sehemu ya ubongo inayoongoza mikono na ulimi imeumia. Huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Nikiongea, maneno yanatoka moja moja, na wasionijua wanadhani nimelewa. Sokoni mwanamke mmoja alinihamishia mtoto wake upande mwingine.

Dawa wamenibadilishia. Hii haimo katika safu ya kwanza. Kwa muda wa wiki kadhaa nililala tena nikitazama ukuta, sitakuficha. Sasa ninaamka.

Mwezi uliopita nilirudi darasani. Préfet hakutaka, akasema watoto watacheka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, karibu na mtihani wao wa taifa, examen d'État, walimwendea wenyewe, sijui walimwambia nini. Ninafundisha nimekaa. Virginie anaandika ubaoni ninayoyasema. Siku ya kwanza aliniuliza, mbele ya wote, kama ni kweli nilikuwa nakunywa lithium. Nikasema ndiyo. Nikawaeleza kwa nini niliugua, nikienda polepole, na nikawaambia kwamba safu ile inaandika pia kile mwili unachoweza kukosea, si ya mtihani tu. Hakuna aliyecheka. Mmoja nyuma alilia, na nadhani kwao kuna mtu.

Sasa habari yako. Watu wa Jamali wametuma ujumbe kwamba wanasogeza mbele mazungumzo. Hawakusema mpaka lini. Mama yako anasema ndiyo imeisha. Wewe uliniandikia "siku nyingine", na mimi bado nangoja hiyo siku. Usinifiche kwa kunihurumia. Uliipoteza posa hiyo kwa mdomo wako, kwa ajili yangu, na ulijua mgeni yuko sebuleni. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Sina neno la kukupa kwa ajili yake. Ningelikuwa nalo, ningeliandika kwa herufi hizi kubwa.

Kuhusu baba yako. Kwa muda mrefu hakuingia chumbani kwangu. Alikuwa akipita, anasimama nje ya mlango, naona viatu vyake chini ya pazia, kisha anaondoka. Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yangu ya kupima damu. Mama yako alikuwa na homa, Delphine alikuwa kazini. Baba yako alitokea amevaa kanzu yake safi na kofia, akasema: "Twende."

Tulikwenda kwa taxi. Pale maabara benchi lilikuwa limejaa, na kati ya wale waliokaa kulikuwa na Mzee Ruben, yule mnunuzi wa vitambaa anayemjua mjomba wake Jamali. Alimsalimu baba yako kwa kichwa. Muuguzi msichana alikuja na karatasi zake.

"Papa, muko na mugonjwa?"

"Ndiyo. Dada yangu."

"Iko na ugonjwa gani?"

Baba yako alizitazama zile karatasi. Nilitaka kumjibia, lakini ulimi wangu unachelewa, unajua.

"Kichwa," akasema.

"Kichwa namna gani, papa? Niandike nini?"

Baba yako alimtazama yule mzee wa vitambaa, akanitazama mimi, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka juu ya magoti kama kawaida. Akavua kofia yake, akaikunja.

"Andika ugonjwa wa akili," akasema, kwa ile sauti anayoitumia dukani kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. "Iko nayo tangu zamani. Anakunywa dawa, anafundisha batoto ba bantu. Mimi nilikuwa nasema migraine. Andika vile nakuambia."

Msichana akaandika. Yule mzee alituangalia kwa muda, kisha akainuka taratibu, akaenda kusimama karibu na dirisha, na sikujua kama alikuwa anatuacha au anatupa nafasi. Baba yako akanishika kiwiko, akaniketisha mahali palipobaki, akasimama mbele yangu mpaka jina langu likaitwa.

Shangazi yako,
Feza